Sahihi ya Baba Ivyne

Nyumbani kwetu Riruta, Mama ndiye humsainia Baba.

Msicheke. Kwetu ni kawaida. Baba yangu, Ogutu, ni fundi wa mifereji ya maji. Hutoka alfajiri kwenda Spring Valley, ambako nyumba ni kubwa, mabomba ni mengi, na kila bomba huchagua siku yake ya kupasuka. Anarudi viatu vimelowa, anakula, analala. Kwa hiyo diari ya shule inayotakiwa kusainiwa na Baba, husainiwa na Mama. Fomu ya kanisa, Mama. Karatasi ya mwenye nyumba, Mama. Mama yangu, Rael, anashona yunifomu katika kibanda chake kando ya Naivasha Road, na mkono wake umezoea kazi nzuri. Huandika "Ogutu" kwa mkia mrefu uliopinda. Walimu wote wanaamini hiyo ndiyo sahihi ya Baba. Siku moja Baba alisaini mwenyewe, na mwalimu akanirudisha nyumbani akidhani nimeandika mimi.

Mimi ni Ivyne. Nina miaka kumi na sita na ninacheza voliboli. Mwaka huu timu yetu ya shule ilialikwa Ujerumani kwa mashindano ya vijana, na kocha wetu, Mwalimu Nzau, akanichagua. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka safari ile.

Mwalimu Nzau alitueleza mambo waziwazi. Kila mchezaji alitakiwa kuleta barua ya ruhusa, isainiwe na wazazi wote wawili mbele ya notari. Pia alitakiwa kuleta nakala ya cheti cha kuzaliwa, nayo ithibitishwe na notari. Makaratasi yangepelekwa ofisi ya viza siku ya Ijumaa. Ambaye hangekuwa na makaratasi kamili, nafasi yake ingechukuliwa na mchezaji wa akiba.

Mchezaji wa akiba wangu alikuwa Beryl. Ni rafiki yangu, lakini hana haya.

"Niaje, Ivy," aliniambia baada ya mazoezi. "Kama makaratasi yako yatakataa, niambie mapema nipange begi."

Jumatatu jioni niliweka barua mezani mbele ya Baba.

"Baba, hii inataka usaini mbele ya notari. Mjini."

"Notari ni nani?"

"Sijui vizuri. Mwalimu anasema ni wakili."

"Kesho," Baba akasema, akaendelea kula omena.

Kesho ya Baba naijua. Haimo katika kalenda yoyote.

Mama alifuta mikono, akaivuta barua. "Wacha kumsumbua baba yako. Amechoka. Lete kalamu." Akasaini jina lake. Kisha akaigeuza kalamu kidogo, akasaini Ogutu, pamoja na ule mkia. "Hiyo imekwisha. Sasa inabaki tu stampu."

Hapo ndipo nilipoanza kuchoka. Kwa Mama, stampu ni stampu. Jumanne alifunga kibanda akaenda kwa chifu. Chifu akagonga muhuri kuonyesha kwamba tunaishi Riruta. Kutoka huko akapita kwa pasta. Pasta akagonga muhuri wake wa zambarau na kuandika kwamba sisi ni waumini wazuri. Akapita hata kwa mwenyekiti wa chama chao cha akina mama, ambaye ana muhuri wenye picha ya mikono miwili inayoshikana. Barua ilirudi nyumbani imejaa rangi hadi pembeni. Mama alikuwa na furaha kubwa.

Niliipeleka kwa Mwalimu Nzau jioni hiyohiyo, kwenye mazoezi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ivyne, hii mikono inayoshikana ni ya nani?"

"Ni ya chama cha Mama, mwalimu."

"Na notari yuko wapi?"

"Hayuko."

Mwalimu akapumua kwa nguvu. "Chifu anajua mnakoishi. Pasta anajua mnakosali. Kazi yao ni nzuri, lakini watu wa viza hawakuuliza hayo. Waliuliza notari." Alinichapishia barua nyingine, safi. Akaniandikia jina la wakili mmoja ambaye ni notari, Ndunge Kitavi, mwenye ofisi katikati ya mji. "Na mkifika kule, msimpe karatasi mtu yeyote anayesimama chini ya ngazi."

Jumatano tulienda mjini, Mama na mimi. Baba alikuwa amesema kesho. Mama alikuwa amesaini ile barua mpya kabla hatujatoka, jina lake na la Baba, ili tusipoteze wakati.

Chini ya ngazi alikuwapo mtu kweli. Alikuwa na mkoba na tabasamu pana.

"Mum, ni notari mnataka? Leta karatasi. Nakutolea stampu sasa hivi. Hakuna kupanga laini, hakuna maswali."

Mama akasimama. Niliona jinsi alivyopenda hilo la hakuna maswali.

"Wewe ni wakili?" nikamwuliza.

"Mimi na wakili ni kitu moja."

"Jina lake ni nani?"

Tabasamu likaisha. "Huyu mtoto ana maneno mingi," akamwambia Mama. Nilimvuta Mama kwa mkono, tukapanda ngazi.

Wakili Ndunge alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Mezani kwake kulikuwa na chupa ya chai na mafaili mengi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesema maneno yaleyale tangu asubuhi.

"Karibuni. Vitambulisho, tafadhali."

Mama alitoa kitambulisho chake. Kisha akatoa fotokopi ya kitambulisho cha Baba.

"Bwana Ogutu yuko wapi?"

"Ako kazini. Lakini yeye amesaini tayari."

"Ulimwona akisaini?"

Mama akakohoa kidogo. "Mimi ndio humsainia."

Wakili alivua miwani, akaiweka mezani polepole. "Mama Ivyne. Asubuhi kaka alimsainia dada yake. Jana mtoto alimsainia baba yake aliyebaki nyumbani akinywa uji. Sasa umekuja wewe. Niwafanye nini nyinyi watu?"

"Lakini ni bwana yangu. Tumekaa pamoja miaka yote hii. Hawezi kukataa."

"Kama hawezi kukataa, basi haitamsumbua kuja hapa aseme hivyo."

Mama akakasirika. "Kwani hii notari ni kitu gani hasa? Chifu hakunisumbua hivi. Pasta pia hakunisumbua."

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Lakini Wakili Ndunge alimimina chai, akatusogezea vikombe viwili.

"Afadhali uulize," alisema. "Notari ni wakili aliyefanya kazi kwa miaka, kisha akapewa na Jaji Mkuu mamlaka ya kuthibitisha hati, hasa zile zinazokwenda kutumika nje ya nchi. Mimi ni shahidi. Yule afisa anayeshughulikia viza hamjui Ogutu. Hajawahi kumwona. Ananitegemea mimi nimwone kwa niaba yake. Nikiweka muhuri wangu, nimesema hivi: mtu huyu alikuja mbele yangu, nikaona kitambulisho chake halisi na uso wake. Nikamwuliza kama anaelewa anachosaini. Nikamwuliza kama anasaini kwa hiari yake. Akasaini nikimwangalia. Sasa niambie wewe. Nimemwona Ogutu?"

"Umpigie simu basi."

"Simu sitaisainisha."

"Na mtu asiyejua kuandika, unamfanyia aje?"

"Namsomea barua kwa lugha anayoielewa. Akisharidhika, anaweka dole gumba. Lakini dole liwe lake."

Alichukua barua yetu, akapiga mstari mkubwa kutoka pembe hadi pembe. Mama akashika kifua.

"Kuandika sahihi ya mtu mwingine ili ionekane ni yake ni kughushi. Ni kosa la jinai, hata ukifanya kwa upendo. Ningeweka muhuri wangu hapa, mimi ningepoteza kazi, na mtoto angenyimwa viza siku ambayo afisa angempigia baba yake simu kumwuliza."

Nikampa ile fotokopi ya cheti changu cha kuzaliwa, nikitumaini kwamba angalau hiyo ingepita.

"Na cheti chenyewe?"

"Kiko nyumbani kwa sanduku," Mama akasema. "Hicho hatutembei nacho. Kinaweza kupotea."

"Mama, juu ya nakala hii ninatakiwa kuandika kwamba ni nakala sahihi ya cheti nilichokiona kwa macho yangu. Nimekiona wapi? Ndani ya sanduku lenu?"

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka Ijumaa.

Kabla hatujatoka, nilimweleza kuhusu yule mtu wa chini ya ngazi. Wakili alitikisa kichwa. "Yuko hapo kila siku. Muhuri wa notari bila notari ni mpira na wino tu. Ukitaka kujua kama mtu ni wakili kweli, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili. Uliza ada kabla ya kuanza. Ukilipa, dai risiti. Na barua usiisaini nyumbani. Njoo nayo haijasainiwa."

Jioni ile Baba alirudi, akakaa, akavua viatu. Nilisimama mbele yake.

"Baba, kesho ni lazima uende mjini."

"Kuna tangi inavuja huko Spring Valley. Labda kesho kutwa."

"Kesho kutwa ni Ijumaa. Ijumaa Beryl atapewa nafasi yangu."

"Mama yako atanisainia."

Nilikuwa nimepanda ngazi, nimenywa chai ya aibu, nimeona barua yetu ikipigwa mstari, na mtu huyu ananiambia habari za tangi. Machozi yalinitoka kwa hasira. Baba aliyaona, lakini alitazama pembeni.

Mama ndiye aliyeongea. "Ogutu," alisema.

Mama hamwiti Baba kwa jina. Humwita Baba Ivyne, siku zote.

"Ogutu, tangi itangoja. Kesho nitakupeleka huko mimi mwenyewe, hata kama ni kwa kukushika mkono."

Alhamisi alasiri, bila kushikwa mkono, Baba alitukuta mlangoni kwa wakili. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Viatu vyake vilikuwa na matope, na begi la vyombo lilikuwa begani. Wakili Ndunge alichukua kitambulisho chake halisi. Akatazama picha, akamtazama Baba, akatazama picha tena. Kisha akachukua cheti changu, ambacho Mama alikuwa amekifunga ndani ya leso mbili, akakilinganisha na nakala, mstari kwa mstari. Mama alikuwa akigonga kiatu sakafuni. Mimi pia nilitaka kumwambia afanye haraka.

Halafu akamsomea Baba barua safi, ambayo Mwalimu Nzau alikuwa amenichapishia tena. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Baba na Mama wananiruhusu mimi, Ivyne, kusafiri kwenda Ujerumani kwa mashindano.

"Umeelewa, Bwana Ogutu?"

"Nimeelewa."

"Unakubali kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Bado," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama alisikia vizuri sana.

"Bado nini? Baba Ivyne, bado nini? Mtoto ako na siku moja."

Wakili aliinua mkono. "Mama, nimemwuliza yeye." Kisha akamgeukia Baba, na sauti yake ya uchovu haikuwapo tena. "Bwana Ogutu, mimi sikuwekwa hapa kukusainisha. Ukikataa, muhuri utabaki kwenye droo. Ni haki yako. Lakini useme."

"Si tulikuambia Jumatatu?" Mama alisema.

"Mliniambia," Baba akajibu. "Hamkuniuliza."

Nilifikiria jioni ya Jumatatu. Nilikuwa nimeweka barua mezani, nikasema inataka sahihi. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeuliza kitu.

"Hiyo barua inasema aende," Baba akaendelea. Si mtu wa maneno mengi, na yalimtoka kwa shida. "Haisemi atarudi. Haisemi anaenda na nani, wala atalala wapi. Mimi nikiitwa kwa nyumba ya mtu kuangalia maji, nauliza yanatoka wapi na yanaenda wapi. Hata kabla sijafungua begi. Huyu ni mtoto wangu, na hakuna mtu ameniambia anaenda wapi. Ndiyo maana nilikuwa nasema kesho."

Siku nne nilikuwa nimemkasirikia mtu mvivu. Kumbe alikuwa mtu mwenye hofu.

"Hayo ndiyo maswali," Wakili Ndunge alisema. "Na barua inayoacha maswali hayo ni barua mbovu."

Alimpigia Mwalimu Nzau simu, akaweka sauti kubwa. Baba aliuliza maswali yake, moja baada ya jingine, na mwalimu akajibu yote. Wakili alikuwa akiandika. Barua ikawa ndefu. Ilitaja siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Ilitaja majina ya Mwalimu Nzau na mwalimu wa kike atakayekaa na wasichana usiku. Ilitaja hosteli tutakayokaa na simu ya kule. Akamsomea Baba upya, tangu mwanzo.

"Jambo moja ulijue," alimwambia. "Muhuri wangu hausemi kwamba safari hii ni nzuri. Hilo silijui. Unasema tu kwamba wewe, Ogutu, ulikuja, ukaelewa na ukakubali. Uamuzi ni wako na wa mama yake."

Baba hakuishika kalamu. Alikuwa akinitazama mimi. Nikajua kwamba kulikuwa na jambo moja lililobaki, na kwamba wakili asingeweza kunifanyia.

"Baba," nikasema. "Naomba niende."

"Ukiumia?"

"Nitakupigia."

"Ukishindwa?"

"Nitakupigia."

"Na ukishinda?"

"Nitampigia Mama kwanza."

Baba alicheka. Akashika kalamu, akaandika jina lake taratibu. Herufi zilikuwa kubwa, zimelalia upande mmoja, na hazikuwa na mkia wowote. Mama alisaini chini yake. Wakili akasaini, akaandika tarehe, akabandika karatasi ndogo nyekundu yenye meno pembeni, akaikandamiza kwa chuma chake. Nilipopitisha kidole, niliusikia muhuri. Akafanya vivyo hivyo kwenye nakala ya cheti changu, kisha akaandika habari zetu katika kumbukumbu zake.

"Kuna nchi ambazo huomba mihuri mingine baada ya wangu," alituambia. "Waulizeni wale wanaozipokea hati, kabla ya kuzipeleka."

Mwalimu Nzau alikuwa ameshauliza. Muhuri huo ulitosha.

Viza nilipata, na Ujerumani nilikwenda. Beryl alinisindikiza uwanja wa ndege, akaniambia kwamba begi lake bado analo tayari. Lakini ninachotaka kuwaambia ni habari ya ile Ijumaa, kwenye ofisi ya viza.

Nilikuwa nimesimama dirishani na Mwalimu Nzau. Afisa mmoja, mama mtu mzima, alizipitia karatasi zangu, akasoma barua, akagusa muhuri. Akasema lazima athibitishe na mzazi mmoja. Akachukua simu, akapiga namba ya Baba palepale na kuweka sauti kubwa. Nilifikiria vile ambavyo Baba angejibu kama barua ile ingekuwa na sahihi yenye mkia.

"Wewe ni Bwana Ogutu?" mama yule aliuliza. Nilisikia maji yakimwagika mahali, kisha sauti ya Baba.

"Ndiye mimi."

"Kuna barua ya ruhusa hapa yenye jina lako. Uliisaini mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Mbele ya wakili."

"Na unajua inasema nini?"

Baba alimweleza. Alimtajia siku ya kwenda na ya kurudi. Alimtajia walimu wote wawili, na hosteli, na namba ya simu ya hosteli, bila kukosea. Mama yule alikuwa akifuata kwa kalamu kwenye barua, na kalamu ilifika mwisho pamoja naye.

"Asante, mzee. Inatosha."

"Ngoja," Baba akasema. "Andika hapo pia kwamba mtoto aliniomba, nikakubali."

"Hiyo si lazima niandike, mzee."

"Andika tu."

Mama yule alinitazama kupitia kioo. Kisha akainama, akaandika.